Mbegu za Karani

Ganda moja la alizeti lilikuwa limenasa kwenye soli ya kandambili yangu. Dogo, lenye mistari myeusi, limepasuliwa katikati kwa ufundi ambao binadamu hana. Nililibandua kwa ukucha nikaliweka kiganjani, nikalitazama kama askari anavyotazama ganda la risasi.

Mbegu zilikuwa zimepigwa marufuku nyumbani kwetu kwa wiki tatu, isipokuwa kijiko kimoja cha chai nilichopima mwenyewe kila asubuhi. Mfuko wake niliufungia kabatini chumbani kwangu. Maganda ya asubuhi ile nilikuwa nimeyafagia kabla ya kwenda kazini, na sasa ilikuwa jioni. Basi kulikuwa na mkono mwingine, na nilijua ni wa nani.

Karani alikuwa kasuku wa kijivu. Mama ndiye aliyempa jina hilo, kwa vile alivyotembea juu ya kijiti chake kichwa chini na mabawa nyuma, kama mtu aliyepoteza faili. Mama alipofariki, Karani alibaki na sauti yake. Unapita ukumbini na shughuli zako, mara unasikia, "Baba Kipusa, umekunywa dawa?" Sauti yenyewe, na ule uchovu wa mwishoni. Kipusa ni mimi. Mara ya kwanza niliangusha sinia.

Miaka miwili baadaye Baba, mchora ramani aliyestaafu, alioa tena. Huyo nilimwita Mama Mdogo, kwa adabu tu, maana moyoni sikumwita chochote. Alikuwa mshonaji wa mapazia. Alihamia na cherehani yake, akaiweka barazani, na kutwa nzima ilinguruma. Hakunikosea hata siku moja, na hilo lenyewe nililitilia shaka.

Kisha Karani akaanza kuhema. Alikuwa akipanda kijiti kimoja tu, anasimama mdomo wazi, mkia unapanda na kushuka. Manyoya ya kifuani yalipoteza mng'ao. Nilimpeleka kwa daktari wa wanyama, mwanamke mfupi mwenye mikono ya baridi, ambaye alimgeuza, akambonyeza tumbo, akamweka kwenye mizani: gramu mia tano na arobaini.

"Anakula nini?"

"Alizeti. Ndicho anachopenda."

"Hata mimi napenda keki," alisema. "Ini lake linajaa mafuta. Mkiendelea hivi hamalizi mwaka."

Alinipa mfuko wa chakula cha kasuku kilichotengenezwa kiwandani, chembe ngumu za kahawia kama kokoto. Hizo ndizo ziwe chakula chake kikuu. Juu yake mboga za majani, karoti, boga, pilipili hoho, na tunda kidogo. Mbegu zipunguzwe taratibu hadi ziwe zawadi tu. Apimwe kila asubuhi, maana kasuku mkaidi anaweza kugoma kula hadi akafa. "Na akiwaona nyinyi mnakula kitu, naye atakitaka," aliongeza. Mwisho aliandika vitu vya hatari kwake. Cha kwanza kilikuwa parachichi.

Karatasi ile niliibandika kwenye friji. Usiku wa siku hiyohiyo nikajuta: nilikuwa nimemwandikia adui namna ya kuua.

Kazi yangu ilikuwa kukata vioo vya miwani, na mtu wa kazi hiyo hujifunza kuona kasoro ndogo kuliko unywele. Nilianza kuiangalia nyumba kwa jicho hilo. Mizani ya jikoni, badala ya kushuka, ilipanda: mia tano arobaini na tatu, arobaini na sita. Chembe za kahawia zilibaki bakulini kama zilivyo. Jumatatu Mama Mdogo alirudi sokoni na maparachichi matatu. Jumanne yalikuwa mawili, na ganda la lile la tatu sikuliona kwenye pipa la taka. Nililitafuta, naungama, kwa mikono yangu.

Jioni hiyo ndiyo niliyookota lile ganda la alizeti. Nililiweka mezani mbele yake, tukiwa tumekaa kula.

"Mama Mdogo, hili limetoka wapi?"

Alilitazama. Baba aliinamia sahani yake.

"Na parachichi la tatu liko wapi?"

"Nimelila."

"Ganda lake je?"

"Kipusa," alisema Baba, kwa sauti ndogo.

"Niache, Baba. Mtu akitaka sauti ya Mama itoke humu ndani, aseme. Asimwue ndege kimyakimya."

Mama Mdogo aliweka kijiko chini polepole. "Mwanangu, mimi ndege huyo simchukii. Namwonea wivu. Ni vitu viwili tofauti."

Aliondoa sahani yake akaenda zake. Mimi niliyachukua maneno yale kama nusu ya kuungama, nikabaki naisubiri nusu ya pili.

Alhamisi nikaomba ruhusa kazini, nikarudi saa sita mchana. Nilivua viatu mlango wa nyuma, nikapita jikoni kwa nyayo tupu. Mlango wa ukumbini ulikuwa umeegeshwa. Nikachungulia.

Mama Mdogo alikuwa amepiga magoti mbele ya tundu la Karani. Mkononi alikuwa na karoti, naye alikuwa akiitafuna kwa sauti, macho amefumba, anatikisa kichwa kama mtu aliyeonja asali. Halafu akaitazama ile karoti kwa uchoyo, akaificha nyuma ya mgongo. Karani akasogea. Akanyoosha shingo. Mama Mdogo akajifanya anafikiri, kisha akampenyezea kipande. Ndege akakishika kwa ukucha, akakiuma.

"Haya, Karani wangu," alinong'ona. "Kula upone, uje unitese tena."

Aliinuka kwa kushika magoti, akarudi barazani. Cherehani ikaanza kunguruma. Na mlio ule ulipoanza tu, mlango wa chumbani ukafunguka, Baba akatoka.

Alitembea kwa ncha za vidole. Akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa mbegu moja.

"Sema," alimwambia ndege. "Kidogo tu."

"Baba Kipusa, umekunywa dawa?"

"Nimekunywa," alijibu baba yangu. "Nimekunywa, mama." Akampa mbegu. Akatoa nyingine.

Sijui nilisimama pale muda gani. Nilihesabu mara kumi na moja, kisha nikaacha. Nilipogeuka, cherehani ilikuwa kimya, na Mama Mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu jikoni.

"Ulijua?" nilimwuliza.

"Tangu wiki ya kwanza. Ananunua zake dukani. Kila siku nafagia kabla hujarudi. Lile moja lilinipita." Alinawa mikono, akaikausha kwenye gauni. "Na parachichi nililila kwa jirani, nikaacha ganda hukohuko. Niliogopa hata harufu yake imfikie."

"Kwa nini hukusema pale mezani?"

"Nikuambie nini? Kwamba baba yako anamnunua marehemu kwa mbegu? Mbele yake?"

Baba alitusikia. Alibaki ameshika mfuko wa shati kwa kiganja, kama mtu mwenye kichomi. Nilimwambia alichosema daktari kuhusu ini, neno kwa neno. Sikumlaumu, maana hata mimi, nikipita ukumbini, nilikuwa napunguza mwendo ili nisikie. Alizimwaga mbegu zote kwenye kiganja changu, za moto kwa joto la mwili wake.

Tukakubaliana tatu kwa siku, baada ya mboga. Mama Mdogo akazisaga zile chembe akazichanganya na boga lililopondwa, na mwezi wa pili Karani akaanza kuzila hata kavu. Mizani ikashuka hadi mia nne na sitini. Aliishi miaka mingine tisa.

Kumwomba Mama Mdogo msamaha kwa maneno nilishindwa. Jumamosi moja nilikwenda tu barazani, nikashika upande wa pili wa pazia zito alilokuwa akikunja. Alishona mshono mmoja mrefu, akasimamisha gurudumu.

"Mama yako," alisema bila kuinua macho, "alikuwa mtu wa namna gani? Humu ndani hakuna aliyewahi kuniambia."

Nilivuta kiti. Nikamwambia kwamba kwanza kabisa, alikuwa hajui kupiga mluzi.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ilikuwa hewa tupu."

Akacheka, akaniomba mkasi, nami nikaendelea.