Pete ya Njia

Reli yetu imekuwa na waume wengi. Kampuni ya katani iliijenga. Bei ilipoanguka ikaitelekeza. Serikali ikaichukua, ikaipaka rangi, ikaichoka. Kiwanda cha saruji kikaikodi, kikaitumikisha mpaka mataruma ya mbao chini yake yakaoza. Sasa imenunuliwa na mfanyabiashara wa vyuma chakavu, tunayemwita Sumaku. Huyu hana mzigo wa kusafirisha. Anataka kuing'oa aiyeyushe.

Baba, mkuu wa kituo, hakuulizwa. Reli ikienda, kituo kimekwenda, na nyumba ya kituo tulimozaliwa imekwenda.

Silaha alibaki nayo moja: pete ya chuma, pana kama usukani. Njia ni moja, treni hazipishani, na dereva haingii njiani mpaka apewe pete hiyo mkononi.

Dereva wa treni ya kung'oa alikuwa mjomba. Alikuja kunywa chai kwetu, uso umemshuka.

"Shemeji, wameniajiri mimi. Lakini usiponipa pete, sipiti. Hata Sumaku anipigie magoti."

"Mkaidi wewe?" mama akamcheka mdogo wake. "Ulikataa hata ziwa la mama!"

"Basi unanijua, dada."

Asubuhi treni ikapiga honi kwenye kona. Baba alikuwa jukwaani, kofia kichwani, pete begani.

"Baba, ifungie kabatini!"

"Mkuu wa kituo hapokei treni mikono mitupu."

"Leo hupokei, baba. Leo unazuia!"

"Kaa kando, mwanangu."

Injini ikaja taratibu. Mjomba alikuwa amechungulia dirishani, mkono ameukunja nje kama siku zote. Nikaona bega la baba likishuka, mkono ukipanda. Nikapiga kelele. Pete ilikuwa imeshaingia kwenye kiwiko cha mjomba.

Breki zikalia. Mjomba akaruka chini, akamnyooshea baba mkono wenye pete.

"Shemeji, ichukue! Ni mkono tu, shemeji. Mkono umezoea!"

Ndani ya injini, Sumaku akatoa kichwa dirishani. "Amekupa, amekupa! Panda, twende!"

Nikaikamata pete nikaivuta kwa nguvu zangu zote.

"Iache," baba akasema.

"Baba!"

"Iache, nimesema. Sijawahi kumpa dereva njia kisha nikamnyang'anya. Hivyo ndivyo treni zinavyogongana."

"Zigongane na nini? Treni nyingine iko wapi, baba? Nionyeshe!"

Baba akaushika mkono wangu. Vidole vyangu alivibandua yeye mwenyewe, kimoja kimoja, kama anavyotoa mwiba. Kisha akakunjua bendera ya kijani.

"Nenda, shemeji. Njia ni yako."

Mjomba akapanda huku analia wazi, bila kujifuta. Mabehewa matupu yakatupita, minyororo ikigongana, na baba akayapungia bendera mpaka la mwisho, mgongo umenyooka.

Nyuma yangu, ndani ya nyumba, nikamsikia mama anashusha mapazia, anayatia sandukuni.