Vitone vya Gerrit

Bi Rika Dykhuis aliingia maabarani kwetu na boksi la keki za lozi, nikajua nimepatikana. Hapa Holland, Michigan, Marekani, mtu hakuletei keki asubuhi hivi hivi tu.

"Joanna mwanangu, nasikia mnafuta picha za zamani."

"Ni kweli, mama. Kesho. Tumeletewa mitambo mipya."

"Gerrit wangu yumo humo. Nataka kumwona."

Mumewe Gerrit alifariki wakati wa theluji. Enzi zake kiwandani alijitolea kupimwa, ili viti vya ofisi tunavyobuni vimfae mtu mwenye mgongo wa kweli. Tulimbandika vigololi vya kung'aa kwenye viungo, kamera zikamfuata. Lakini kamera zetu hazioni uso, zinaona vigololi tu, na majina hatuandiki. Kwenye skrini mtu ni vitone vyeupe gizani. Kutoa nakala nje ni marufuku.

"Sitaweza kukuambia yupi ni yupi," nilimwambia.

"Nani kakuuliza? Mume wangu nitamjua mwenyewe."

Nikamfungulia. Vitone vikatembea, vikakaa, vikainuka, vikaondoka.

"Siye."

Wakaja wengine. "Siye. Na huyu siye, anakaa kama yuko kanisani. Hawa watu wenu wamemeza fimbo?"

Alitania, lakini sauti ilikuwa imeanza kumkauka. Roho iliniuma. Nilitaka ampate kama vile aliyepotea ni wangu.

Ndipo nikajiona mjinga. Waliketi wima kwa sababu sisi ndio tuliowaamuru: mgongo wima, macho mbele, nyayo sakafuni. Ndivyo tunavyopima. Mke gani atamtambua mumewe aliyekaa kwa amri?

Nikafungua vile vipande vya picha tusivyovitumia, vya katikati ya vipimo, mtu anapodhani hatumwangalii tena.

Vitone vya mtu mrefu vikashuka kitini, vikateleza mpaka makalio yakafika ukingoni. Mguu mmoja ukanyooka mbali. Mkono ukapanda kukuna shingo.

Bi Rika alishika mdomo.

"Wewe!" aliiambia skrini, machozi yakimtoka huku anacheka. "Nimekwambia mara ngapi utavunja kiti? Eh? Na bomba la jikoni bado linavuja, ujue. Mbwa naye hali vizuri tangu uondoke."

Alimsimulia mengi. Nami nilijua jinsi vipande vyetu vyote vinavyoisha: mtu huinuka, akatoka nje ya kamera.

Mguu ulionyooka ukarudi. Mikono ikashika magoti. Kuinuka huko Bi Rika alikujua kuliko mimi.

"Joanna, simamisha!" Alinishika mkono kwa nguvu. "Asiinuke. Mwache akae kidogo."

Nikasimamisha. Bi Rika akavuta kiti mpaka karibu na skrini, akakaa naye.