Mjukuu Hewani

Jenereta likiniona mimi linawaka lenyewe. Sijigambi, ni heshima tu iliyopo baina yetu. Kwa hiyo umeme ulipokatika pale ofisi ya wapima ardhi, ambako mama ndiye mwendeshaji wa redio, nilimwambia akae, anywe chai yake, amwachie mwanawe kazi.

"Mwanangu, leo si siku ya mchezo," akasema.

Kweli haikuwa. Baba alikuwa kambi ya wapimaji nyuma ya milima, ambako simu ni kioo cha kunyolea ndevu tu. Kesho yake kambi ilikuwa inahamia mbali zaidi, redio yao ifungiwe sandukuni mpaka kazi iishe. Na dada alikuwa amejifungua juzi, mjukuu wa kwanza wa baba. Kambi hufungua redio saa kumi alasiri. Siku hiyo ikipita, babu na mjukuu wangekutana mtoto ameshaota meno.

Nikavuta kamba. Jenereta likawaka papo hapo, nami nikaingia chumba cha redio mikono kiunoni kama bwana harusi. Mama akawasha redio. Ikatoka ngurumo, utadhani mtu anakaanga mawe.

"Umeniletea umeme mchafu."

"Umeme nao unachafuka, mama? Nilete sabuni?"

"Hebu tazama taa." Taa ilikuwa inapumua: inang'aa, inafifia, inang'aa. "Mashine yako inakimbia huku inajikwaa. Wewe huoni kitu, ila redio inasikia kila ikijikwaa. Sauti ya baba yako ikifika hapa ni nyembamba kama uzi. Itapotelea humo humo."

Nikalisukuma jenereta kutoka mlangoni hadi nyuma ya choo, waya mrefu ukiburuzika. Ngurumo ikapungua kidogo. Nikapigilia fimbo ya chuma ardhini, nikaimwagia maji, nikafunga waya wa ethi wa kupeleka uchafu wa umeme ardhini. Ikapungua tena kidogo. Nikachomoa feni, birika, hata simu yangu iliyokuwa inachajiwa, na hiyo iliniuma. Redio bado inanguruma.

Dada alikuwa kwenye benchi, kichanga mapajani. Akaiangalia suruali yangu iliyoloa tope.

"Bingwa wa majenereta, vipi? Limekugomea?"

"Halijagoma. Tunaelewana taratibu."

"Basi elewaneni upesi, mjomba mtu. Babu yake anasubiri." Alisema anacheka, lakini vidole vyake vilikuwa vinasokota pindo la khanga ya mtoto, vinasokota, vinaachia, vinasokota tena. Hapo utani ukaniishia.

"Mama," nikauliza, kwa adabu niliyoiacha shule ya msingi, "hivi redio yenyewe inakula umeme wa aina gani?"

"Wa betri. Hilo boksi hapo chini ndilo linaugeuza wa ukutani uwe kama wa betri."

"Si tuipe betri yenyewe?"

"Ya gari la ofisi? Imelala hiyo."

"Jenereta litaiamsha."

Nikaifungua betri garini, tukaiunga kwenye chaja yake, jenereta likaanza kuilisha. Betri haina makuu, chakula kije kwa mikupuo, itakula tu. Mama macho kwenye saa, mimi macho kwenye mshale wa chaja. Saa kumi ilipokaribia nikaihamishia betri kwenye redio, nikatoka mbio hadi nyuma ya choo, nikalizima jenereta. Kazi yangu bora siku ile ilikuwa kulizima.

Niliporudi ndani ngurumo haikuwepo. Ulibaki mvumo mdogo kama pumzi ya mtu aliyelala. Kisha:

"Ofisi, ofisi, hapa kambi. Mnanipata?"

Baba! Ungedhani yuko chini ya meza.

"Tunakupata safi," mama akasema. "Kuna mgeni anataka kukusalimu."

Sasa mgeni mwenyewe, aliyelia asubuhi nzima bila kuombwa, alikuwa amelala fofofo. Dada akamtekenya unyayo. Wapi! Akampuliza sikioni. Wapi!

"Betri haitatungoja," mama akanong'ona.

Dada akamfunua khanga. Hewa ilipomgusa tumbo tu, mtoto akaachia yowe la kubomoa ukuta. Mama akabonyeza kitufe cha maiki, akamsogezea, kisha akaachia.

Mvumo mtupu. Nikadhani betri imeshindwa kurusha sauti. Halafu baba, ambaye redioni huongea kama anasoma vipimo vya viwanja, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Nimempata. Nimempata vizuri sana. Hebu... hebu mrudieni tena."

Mama akabonyeza, mtoto akarudiwa. Mimi nikageukia dirishani kukagua antena.

"We, unalia?" dada akaniuliza.

"Nilie nini? Moshi wa jenereta umeniingia machoni."

Mama akaachia kitufe, kumbe muda wote alikuwa bado amekibonyeza.

"Ofisi, nimewapata wote," baba akasema. "Ila mwambieni huyo mjomba, huku sisikii jenereta lolote."