Mtani wa Kapteni Kapalata

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kwenye kumbukumbu ya baba yangu mkubwa, marehemu Kapteni Mrisho Kapalata, Mnyamwezi wa Sikonge, rubani wa ndege ya mabomu. Alifia vitani, na kilichorudi nyumbani ni nishani yake tu. Shughuli yenyewe ni leo saa nne asubuhi: shule inapewa jina lake, nami ndiye msoma wasifu. Katika ndoto ilikuwa imeshaanza na mimi nimevaa taulo.

Shangazi Tausi, dada yake, alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga. Sababu naijua tangu utotoni. Hakukuwa na maiti, kwa hiyo hakukuwa na maziko, na pasipo maziko watani wetu Wazaramo hawakuja kututania. Mnyamwezi asiyechekwa na Mzaramo siku ya msiba wake hajazikwa, basi. Miaka yote hii shangazi hajaanua matanga, na nishani ameifungia kwenye kopo la majani ya chai.

Bendera inapepea nusu mlingoti. Mkuu wa gwaride anatangaza kwamba kwa kuwa bendera ni nusu, kila kitu kitakuwa nusu. Tunapewa chai nusu kikombe. Mgeni rasmi ameletwa kuanzia kiunoni kwenda juu. Namwamkia, anaitikia vizuri tu.

Inabidi tumsubiri Dakika Moja ya Ukimya. Anafika kachelewa, mama mnene mwenye kanga mpya, anaomba kiti. Akishakaa, hakuna anayethubutu kukohoa.

Hapo uwanja ukawa jiko la shangazi. Hakuna aliyehama; bendi ilijibana tu karibu na karo la vyombo. Mlangoni ikabishwa hodi, nikaona pua ya ndege.

"Karibu," shangazi akasema. "Viatu nje."

Ndege ikavua magurudumu yake matatu, ikayapanga mlangoni, ikaingia. Ilikuwa imeungua upande mmoja. Shangazi akaiuliza ni nani.

"Mtani," ikasema. "Nililetwa ndani ya sanduku, nikafunguliwa Dar es Salaam, Uzaramoni. Mimi Mzaramo. Nimechelewa msiba, nilikuwa nimeanguka."

Mgeni rasmi akaitikia kwa kichwa, akasema maelezo yamejitosheleza.

Ndege ikasimama katikati ya jiko, ikaanza kazi.

"Wanyamwezi nyie, babu zenu walibeba mizigo kichwani kutoka Tabora mpaka pwani, hawakuangusha hata mmoja. Huyu wenu kapewa mizigo ya serikali, tena kwa ndege, kaenda kuiangusha yote. Halafu mkamvika nishani."

Jiko zima tukamtazama shangazi.

Aliyeanza kucheka ni Dakika Moja ya Ukimya. Alicheka mpaka kiti kikalia. Kisha shangazi akashika meza, akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia maishani mwangu, akajibu kwamba Mzaramo angepewa ndege angeiuza siku hiyohiyo akalipie ngoma. Ndege ikakiri kwamba ni kweli. Nilifurahi hata taulo nikalisahau.

Shangazi akafuta machozi. Akaiuliza kwa sauti ndogo, "Mwishoni alikuwaje? Alilia?"

"Aliimba," ndege ikasema. "Vibaya. Nimeruka na wengi, sijasikia sauti mbaya namna ile."

"Ndiye," shangazi akasema. "Ndiye huyo mdogo wangu."

Ndege ikapitisha ncha ya bawa kwenye upande wake ulioungua, ikampaka shangazi masizi puani kama watani wanavyofanya, ikavaa magurudumu yake ikaaga. Bendi ikapiga wimbo mzima. Mgeni rasmi akaota miguu, akacheza.

Nikaamka. Jua limeshachomoza, shangazi amesimama mlangoni kavaa gauni lake la sikukuu na nishani kifuani, ananiuliza kama nataka wenye shule watusubiri. Anaimba kichinichini.

Nikamwambia ana masizi puani. Sisi tunapikia gesi, mwaka wa sita huu.

"Najua," akasema. "Yaache."