Upande wa Kushoto wa Kichwa

Nilianguka nikiwa nimeshika kichwa cha binti yangu. Upande wa kulia nilikuwa nimemaliza kusuka, mistari imenyooka. Huo wa kushoto ndiyo kwanza nauchana, mara saluni yote ikaingia giza. Nilizindukia hospitali. Daktari akasema moyo wangu umekuwa mvivu, unapiga unapojisikia, na nisipowekewa betri ya kuukumbusha kupiga, siku moja nitaanguka nisiinuke.

"Na kusuka je?" nikauliza.

Akamjibu binti yangu, kana kwamba mimi ni mtoto niliyeletwa na mzazi. Betri ingekaa chini ya mfupa wa bega la kushoto, na kwa wiki kadhaa kiwiko kisipande juu ya bega, nyaya zisije zikachomoka. Msusi mikono chini! Si bora wangeniambia niache kusema?

Binti yangu anafundisha hesabu, na hata nyumbani hajui kuacha kusahihisha. Alinifuta rangi ya kucha, akanivua pete, akanisugua kwa sabuni kama sufuria iliyoungua. Nilitakiwa kulala bila kula, basi akafunga jiko na ufunguo akalala nao. Kutoka kwenye sidiria yangu akatoa simu, noti na vibanio.

"Mama, hii sidiria au duka? Simu haikai tena upande wa betri."

Siku ya upasuaji walinitia ganzi begani tu, mdomo wakauacha. Nikamshauri nesi kuhusu nywele zake za mbele, zilivyokatika kwa kuvutwa.

"Mama, nyamaza kidogo, tunashona."

"Shoneni, lakini mstari unyooke."

Nilirudi nyumbani mkono umefungwa kifuani. Kila jioni mwalimu wangu alikuja kukagua kidonda, kichwani kitambaa. Asubuhi kitambaa, usiku kitambaa. Nikaelewa. Ng'ambo ya barabara yuko Mama Mawigi, mshindani wangu, anayesuka kama anafunga kuni. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!

"Nani alikumalizia kichwa?" nikamuuliza.

"Pona kwanza, Mama."

Jibu la mtu mwenye hatia. Roho iliniuma kuliko kidonda, na nilimnunia kabisa.

Walipouondoa ule mkanda wa mkono, nikafungua saluni kimya kimya. Viti virefu nikavisukuma ukutani. Nikaketi kwenye kigoda, muuza ndizi nikamkalisha mkekani katikati ya magoti yangu, kichwa chake kikafika tumboni kwangu. Viwiko vikalala mapajani, raha mustarehe. Nilikuwa mstari wa tatu binti yangu alipoingia.

"Mama! Mkono!"

"Daktari kakataza kuinua, hajakataza kushusha. Wewe si mwalimu wa hesabu? Pima."

Na kweli akachuchumaa, akatazama kiwiko, akatazama bega. Muuza ndizi alicheka mpaka nikampiga kibao cha shingo atulie. Binti yangu akakaa pembeni, akasubiri hadi mteja alipoondoka. Kisha akaja akaketi mkekani, mgongo kwangu.

"Nenda kwa Mama Mawigi," nikasema. "Mimi sirekebishi kazi za watu."

Akavua kitambaa.

Upande wa kulia ilikuwa mistari yangu ileile, imechakaa, nywele mpya zimeota chini yake. Upande wa kushoto ulikuwa msitu. Hakuna mkono wa mtu uliougusa tangu siku ile.

"Mchafu wewe! Ndivyo ulivyokwenda kufundisha?"

"Ndivyo. Niliona nikimpa mwingine amalizie, nitakuwa nimekubali kwamba wewe hurudi."

Nikamvuta mtoto huyu karibu, mabega yake yakakaa katikati ya magoti yangu.

Kisha nikachukua chanuo.

"Inamisha kichwa," nikamwambia. "Na kama ni kulia, lia bila kutikisika."