Chungu cha Suluhu

Bertila alipofika ofisi ya kata, chungu kilikuwa kimekwisha kumtangulia. Kilikaa ukumbini juu ya ngata ya majani makavu, pombe ya ulezi ikitoa povu, mirija miwili imesimama ndani yake kama miguu ya korongo. Kando yake alipiga magoti Baltazari, mwanawe wa pekee, katika shati lililopigwa pasi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba,” alijibu, maana salamu haina kosa.

Alikijua chungu kile. Mwaka jana aliinamia mdomo wake huohuo uliomeguka, akanyonya pamoja na mwanawe mbele ya wazee. Huku Ufipa, wagombanao wakinywa chungu kimoja, neno limekufa. Atakayelifufua ndiye mgomvi. Bertila alinywa kwa moyo mweupe. Chungu hakijakauka, kufuli likarudi mlangoni.

Kufuli lile lilikuja na malori. Tangu wafanyabiashara waruhusiwe kununua mahindi hadi shambani, ardhi ya bondeni ilipata wachumba, na Baltazari akataka kuliuza shamba la mama yake. Bertila alimwambia mnunuzi mbele za watu: “Shamba ni langu, na mimi bado sijazikwa.” Tangu siku hiyo kila asubuhi mlango ulifungwa kwa nje. Humo ndani alisikiliza majirani wakisalimiana, akajisaidia ndani ya debe, na alipogonga alijibiwa jioni kwa fimbo. Safari hii ya pili ni Justina, jirani yake, aliyewaita mgambo wakalivunja kufuli.

Mzee Oswaldi, mwenyekiti wa baraza la kata, alikohoa. “Mama Baltazari, mtoto ameleta ulezi. Mama gani hulishtaki tumbo lake?”

Wazee wakacheka kidogo.

“Tumbo lilimfungulia mlango, mwenyekiti,” alisema Bertila. “Yeye akanifungia.”

Kicheko kikakatika. Baltazari akainua mikono. “Uzee umemchanganya, wazee wangu. Namfungia asije akatumbukia kisimani.”

“Kisima kina mfuniko!” Justina alidakia. “Mbona kufuli hukulitia huko?”

“Justina, hujaulizwa.”

“Aliyeulizwa alikuwa ndani, mwenyekiti.”

Adela, karani wa baraza, binti wa Namanyere asiye na haraka ya kusema, aliweka kalamu chini. “Kumfungia mtu mzima na kumpiga ni jinai. Hili si letu. Ni la polisi na Mahakama ya Mwanzo. Ila linahitaji mama alisimamie.” Akakitazama chungu. “Akinywa hapa, kule atasimama na neno gani?”

Ukumbi mzima ukamgeukia Bertila. Husemwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yeye alikuwa ameujua mara mbili, wa kumzaa na wa fimbo yake. Akilini alimwona Baltazari akiwa mchanga mgongoni, joto lake likipenya kitambaa wakati yeye akifukia majani kwenye matuta. Mtoto yule hakuwa na hatia. Lakini mtoto yule hakuwepo hapa.

Akainama, akashika mrija. Oswaldi akashusha pumzi. Harufu ya ulezi ilimpanda puani, tamu, ya nyumbani, ya kusahaulisha. Midomo yake ikakaribia.

Kisha akauchomoa mrija, akaukung’uta matone, akaulaza juu ya mdomo wa chungu.

“Nitakunywa,” alisema, “siku mlango wangu utakapokuwa na komeo la ndani, nalifunga mwenyewe, nalifungua mwenyewe.”

“Mama!” Sauti ya Baltazari ilikuwa imepungua umri. “Utanipeleka jela?”

“Nakupeleka mahali tutakapoulizwa wote wawili, mwanangu. Nyumbani ulikuwa ukiuliza na kujibu peke yako.”

Akajifunga upya khanga kiunoni. “Justina, nishike mkono. Gari la Sumbawanga halitungojei.”

Upepo wa uwanda uliwapokea nje, mkavu, ukiwasukuma kifuani. Bertila aliinamisha kichwa akaukata. Nyuma yao povu la ulezi lilipanda polepole, likaufikia mrija uliolala, likaanza kumwagika sakafuni; na hakuna mzee aliyenyoosha mkono kuuondoa.