Ombi la Pumzi Ndogo

Tamar aliposema, "Bwana, umupunguzie mume wangu pumzi," vichwa vyote viliinuka. Wanakikundi wa maombi wakafumbua macho. Bénite, dada wa mgonjwa, aliyefika Butembo asubuhi hiyo kutoka Beni, ndiye aliyetangulia kusema.

"Shemeki! Unamuombea kaka yangu kufa?"

"Hapana. Naomba vile munganga wa hospitali alisema."

"Munganga gani anakatazaka mutu kupumua?"

Jambo hilo Tamar alikuwa amelieleza mpaka ulimi ukachoka. Huko Kampala alikompeleka mumewe Phinées, kwa kuwa Butembo mashine ya mionzi haipo, walipiga picha ya mapafu yakiwa yanapumua. Uvimbe wa kansa, ulio sehemu ya chini ya pafu la kushoto, ulikuwa ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Mionzi ikilenga pale ulipokuwa, inakuta umeshahama. Inayoungua ni nyama isiyo na ugonjwa, na moyo uko jirani. Phinées alitakiwa ajifunze kupumua kidogo kidogo, tumbo likiwa limekazwa kwa nguo. Asipoweza, itabidi waunguze sehemu kubwa zaidi, na mapafu yake hayana akiba. Kesho wangepanda gari la Kasindi, mpakani, kurudi Kampala, na bado hajaweza.

Angewezaje? Kila jioni watu walikuja kumwombea pumzi kubwa, na Phinées, mwimbishaji wa kanisa tangu ujana, aliimba nao kwa kifua chote. Kikwembe, kile kitenge alichofungwa tumboni na mkewe ili azoee, alikifungua kila aliposikia hodi. "Mimi nilizaa?" alikuwa akisema. "Batanicheka."

"Dada Bénite," Tamar alisema, akijizuia, "umekwisha kuingiza uzi mu sindano, ndani ya lori, ku ile njia ya mashimo ya Alimbongo?"

"Lakini sindano inatafuta nini mu maombi?"

"Kifua yake ni ile lori. Inaruka. Munganga ndiye anashika uzi."

"Basi Mungu asimamishe lori! Ao anashindwa?"

Wanakikundi wawili wakacheka. Tamar aliinamisha kichwa. Ee Baba, nipe subira nyingine, ile ya kwanza imeisha.

"Mama Keren," Phinées, alipoona mkewe anachekwa, akamwita, "leta kikwembe."

Akalala mkekani mbele ya wote. Tamar akamzungushia nguo juu ya shati, akavuta fundo kama anayefunga gunia la viazi. Wanaume wakatazama pembeni.

Bénite akaanzisha wimbo. Ulikuwa ule ambao Phinées huongoza siku zote, na ulipofika mahali pa sauti yake peke yake, macho yote yalimgeukia. Midomo yake ikafunguka. Tamar akamwekea kiganja tumboni.

"Baba Keren, hapana."

Akafunga mdomo. Wimbo ukakosa wa kuupokea, ukafa.

"Umemufunga hata mudomo," Bénite alisema, akijitanda kitambaa. "Mimi naenda kulala kwa ndugu yetu Mathe." Akatoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, bila hata amina.

Phinées aliutazama mlango, machozi yakimteremkia masikioni. Tamar alitaka kumkimbilia wifi yake. Alitaka pia kumpigia kelele. Akabaki amepiga magoti. Chini ya kiganja chake tumbo lilipanda kidogo tu, likashuka, likapanda vile vile.

"Inaenda muzuri?" Phinées alinong'ona.

"Usiseme!" Tamar akamkaripia.